Picha za Maiti wa Vita: Tuziangalie au Tufumbe Macho?

Siku hizi picha za waliouawa vitani, Gaza, Sudan na Kongo, hutufikia kwenye simu hapa Geita na Shinyanga hata kabla ya swala ya alfajiri. Wengi wenu mmeniuliza: Ustadhi, yafaa kuziangalia na kuzituma?

Wanaosema zifichwe wana hoja nzito. Maiti ana heshima yake. Mimi ninapoosha maiti humsitiri, na nikiona aibu siitoi nje. Vipi basi mwili uliopasuliwa na bomu upitishwe mkono kwa mkono, na mama yake yu hai?

Lakini kuficha nako kuna hatari. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu zaidi ya 800,000 waliuawa kwa siku 100 hivi. Miili mingi ilitupwa mitoni, ikachukuliwa na mto Kagera hadi Ziwa Victoria, ziwa hili hili tunalokula dagaa wake. Maelfu walizikwa upande wa Uganda, Kasensero, Lambu na Ggolo. Picha zake zilienea duniani. Hazikuwarudisha waliokufa, lakini huwaziba mdomo wanaokana. Mkanda wa video uliopigwa Kigali Aprili 1994 ulitumika kuwa ushahidi katika mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha. Dhalimu hupenda giza.

Tutazame sira. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Hamza (r.a.) aliuawa na mwili wake ukakatwakatwa. Mtume (s.a.w.) alitaka dada yake Hamza, Bi Safiyya (r.a.), azuiwe asimwone. Bibi huyo alipoeleza kuwa habari anazo na kwamba atasubiri, akaruhusiwa. Akamwona, akamwombea.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Kuona hakukukatazwa kabisa, wala hakukufanywa tamasha. Aliona mwenye haki, akiwa na subira, na alichofanya ni dua.

Basi picha hizo zihifadhiwe, zifike mahakamani na kwenye makumbusho. Gazeti likichapa, lisitiri uso, na jamaa wapate habari kwanza. Nawe mwanafunzi, kabla hujabonyeza simu jiulize: angekuwa kaka yangu, ningependa asambazwe hivi? Nikishaona, nitafanya nini? Ukikosa jibu, usiitume. Mwombee marehemu.

Wabillahi tawfiq.