Heshima Inayomkalisha Baba Kitini

Baba akirudi nyumbani kutoka kutibiwa moyo, kitu cha kwanza anachopewa ni kiti. Dodoma mjini au vijijini Bahi na Chamwino, mambo ni yale yale: kiti chini ya mwarobaini, mto mgongoni, redio pembeni. Maji analetewa. Simu analetewa. Akitaka kufunga dirisha vumbi lisiingie, mkwe anamuwahi: "Kaa tu baba, nitafunga mimi."

Familia iliyochanga gharama za matibabu na kulala macho wodini haiwezi kumwona akiinama bila kushtuka. Lakini huruma hiyo inambakiza kitini tangu chai ya asubuhi hadi taarifa ya habari ya usiku.

Hospitali ilimwagiza atembee, tuseme nusu saa kwa siku. Hilo linashikwa vizuri: saa 12 asubuhi, jua halijawa kali, mjukuu anamsindikiza hadi barabarani na kurudi. Basi, zoezi limekwisha. Ila mtu aliye macho saa 16, akitembea nusu saa, amebakiwa na saa 15 na nusu. Hizo hakuna anayeziulizia.

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alishinda amekaa. Kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Baadaye Morris alitazama vipimo vya sare zao, akakuta madereva walikuwa na viuno vipana zaidi, kwa hiyo si kiti peke yake kilichohusika. Hata hivyo, mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima, wakiwemo wenye maradhi ya kudumu, wapunguze muda wa kukaa.

Kupunguza si kumchosha mgonjwa. Afuate simu yake mwenyewe ndani. Aoshe kikombe chake. Awape kuku maji, aende kwa jirani kumsalimia badala ya kusubiri asalimiwe. Kipimo kizuri ni mazungumzo: akitembea aweze kuongea bila kuhema. Aliyepasuliwa kifua hanyanyui ndoo wala hasukumi kitu kizito mpaka daktari aruhusu. Na maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kubana si vya kuvumilia. Asimame hapo hapo, apelekwe hospitali.

Safari nayo ni kukaa. Wanaokwenda kliniki Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wana nafuu tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, maana ndani yake mtu anaweza kunyanyuka na kutembea kidogo. Kwenye basi anangoja lisimame.

Mwenye kazi ngumu hapa ni mkwe. Mgeni akimkuta mzee anaosha kikombe huku yeye yupo jikoni, maneno yatafika kwa mawifi kabla ya jioni. Ndiyo maana siku ya kliniki ni vizuri mama mkwe na wifi mmoja waingie chumba cha daktari pamoja na mgonjwa, wasikie wenyewe. Na baba naye aseme mbele ya wageni, kwa sauti: "Mwacheni, ni mimi niliyekataa kuletewa."