Miezi Minne Bujumbura

Watu wengi wa Ujiji wana ndugu ng'ambo ya mpaka. Wapo wenye ndugu Kalemie na Uvira, nchini Kongo. Wapo wenye ndugu Mpulungu, nchini Zambia. Mimi nina mama mdogo Bujumbura, nchini Burundi. Aliolewa huko akiwa msichana. Mwaka 2024 nilikwenda kukaa naye. Niliondoka mwezi wa Machi, nikarudi mwezi wa Julai.

Safari si ndefu. Kutoka Kigoma unapanda gari mpaka Manyovu, kule milimani kwenye baridi. Hapo ndipo mpakani. Nilionyesha hati ya kusafiria, nikaulizwa pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mwenzetu mmoja hakuwa na kadi hiyo. Sisi tuliondoka, yeye akabaki amekaa juu ya begi lake. Mwenye nia ya kwenda aipate kadi mapema.

Upande wa pili nilipanda gari jingine. Hilo lilipita upande wa kulia wa barabara. Huko magari yote hupita kulia, na kwetu hupita kushoto. Ukitaka kuvuka barabara, tazama pande zote mbili, kisha tazama tena.

Saa nazo ni tofauti. Saa ya Burundi iko nyuma ya saa yetu kwa saa moja. Kwetu Ujiji jua huzama karibu saa moja usiku. Bujumbura jua lile lile huzama karibu saa kumi na mbili jioni. Jua halikubadilika, ni saa za watu tu.

Kutoka Nyanza-Lac barabara inafuata ziwa. Ziwa letu lilikuwa mkono wa kushoto muda wote, na milima ya Kongo ng'ambo yake. Tulipofika Rumonge niliona michikichi mingi kama ya kwetu. Mawese yanauzwa kando ya barabara katika chupa na madumu. Nilijisikia kama sijatoka nyumbani.

SABABU YA KWENDA

Sikwenda kutembea tu. Nilitumwa.

Mwaka 2015 kulitokea vurugu nchini Burundi. Watu walikimbia. Makumi ya maelfu walifika Kagunga, kijiji chetu cha mpakani kilicho kati ya ziwa na milima. Meli ya Liemba iliwabeba kwa mafungu mpaka Kigoma. Meli hiyo ni ya zamani sana. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916 wakati wa vita, kisha ikaopolewa na kutengenezwa. Watu wengi walikuwa wagonjwa wa kipindupindu. Walipokelewa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika. Sisi tulikwenda pale na uji, tukiuliza jina la mama mdogo. Tulimkuta amekaa juu ya furushi, miguu mitupu.

Alikaa nasi Ujiji karibu mwaka mmoja. Kisha yeye na mumewe wakarudi Bujumbura. Baadaye mume alifariki. Hawakujaliwa kupata watoto. Ndipo wajomba zangu wakasema: huyu sasa ni mtu mzima, yuko peke yake katika nchi ya watu, arudi nyumbani. Wakanichagua mimi nikakae naye, nimwoneshe faida ya kurudi, kisha nije naye.

MTAA WA BUYENZI

Mama mdogo anakaa mtaa wa Buyenzi. Humo Kiswahili husikika kila mahali. Wazee wa mtaa watakwambia babu zao walitoka Ujiji, Tabora, Kongo na pwani. Vijana wanachanganya Kiswahili na Kirundi na maneno ya Kifaransa. Siku ya kwanza niliwasikiliza kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Baada ya wiki mbili nilikuwa nacheka pamoja nao.

Njia za mtaa zimepewa namba, si majina. Hilo lilinifaa mimi niliyejifunza kusoma ukubwani. Nilishika namba ya njia na namba ya nyumba, nikawa sipotei. Lakini maandishi ya madukani yalinipa kazi. Mengi ni ya Kifaransa. Niliweza kutamka herufi moja moja, lakini maana sikuipata. Maandishi ya Kirundi yalikuwa nafuu, maana mimi ni Muha na lugha hizi ni ndugu. Niliposoma "isoko" nilijua ni soko. Niliposoma "ishule" nilijua ni shule. Nilifurahi sana kuona kusoma kwangu kumevuka mpaka.

Samaki nao wana majina mapya. Dagaa huitwa ndagala. Mgebuka wetu huko huitwa mukeke, na watu wa Bujumbura wanamsifu kama vile anapatikana kwao tu. Mama mdogo huuza ndagala wakavu katika soko la Ruvumera, hapo hapo Buyenzi. Soko hilo limejaa sana tangu soko kuu la Bujumbura lilipoungua mwezi wa Januari mwaka 2013. Asubuhi nilimbebea gunia, yeye akabeba mizani. Mchana tulikula maharage na ndizi, au ugali wa muhogo. Jioni tulipepeta ndagala na kutoa mchanga.

Mwaka huo ziwa lilijaa kupita kiasi. Bujumbura maji yaliingia katika nyumba za ufukweni, na simu za nyumbani zilisema Kigoma ni vivyo hivyo. Watu waliuliza kwa nini maji hayaondoki. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha meta 1,470 hivi. Mito mingi inaingia humo. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Maji mengine huondoka kwa kukaushwa na jua, na jua halifanyi haraka. Mvua ikizidi miaka kadhaa, ziwa halina budi kupanda.

JIWE LA MUGERE

Jumapili moja mama mdogo alisema, "Mwanangu, usirudi kwenu bila kuona kitu." Tukaenda Mugere, kusini ya mji, tukiwa na mtoto wa jirani anayesoma shule. Hapo pana jiwe kubwa juu ya kilima. Mama mdogo alikuwa amelipita garini kwa miaka mingi. Hajui kusoma. Akaniomba nimsomee.

Nilisoma pole pole, kwa kidole: Livingstone, Stanley, 25-XI-1871. Zile herufi mbili za katikati zilinishinda. Yule mtoto akasema hiyo ni namba ya Kirumi, maana yake 11, yaani mwezi wa Novemba.

Kijana mmoja aliyekuwa pale alituambia kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Nikamwambia hapana, baba. Walikutana kwetu Ujiji mwaka huo huo wa 1871, na makumbusho yapo. Hapa Mugere walilala siku mbili tu, wakiwa wageni wa chifu Mukamba. Yule kijana hakupendezwa.

Walikuwa wametoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kuutazama mto Rusizi, kama unaingia ziwani au unatoka. Wazungu walibishana sana juu ya mto huo, kwa sababu walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Wakakuta unaingia. Lakini Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, wenyeji walikwisha kuwaambia hivyo hivyo. Wenyeji hao hawakuwekewa jiwe.

Mama mdogo alicheka. "Kumbe hawa nao walitoka Ujiji wakaja huku, kama mimi!"

"Lakini wao walirudi Ujiji," nikasema.

Hakujibu. Alifuta vumbi juu ya jiwe kwa ncha ya kanga, tukashuka.

Siku nyingine tulikwenda kuuona mto wenyewe unapoingia ziwani. Maji yake ni ya udongo. Tuliona viboko masikio tu na pua. Mama mdogo aliogopa, tukarudi mapema.

USIKU WA HOMA

Mwezi wa Juni alishikwa na homa kali. Saa nane za usiku alianza kuzungumza maneno yasiyoeleweka. Siku hizo petroli ilikuwa adimu mjini. Magari yalilala katika foleni kwenye vituo vya mafuta. Nilitoka nje nikiwa sijui nimwite nani.

Sikuhitaji kuita. Jirani wa kwanza alikuwa amekwisha kusikia. Aligonga mlango wa pili, wa pili akagonga wa tatu. Buyenzi kuna mafundi wengi wa magari. Vijana wa gereji walileta gari la mteja lisilo na milango ya nyuma. Kila mmoja akaleta petroli aliyoificha, huyu nusu chupa, yule chupa moja. Waliimimina mbele ya macho yangu. Wanawake wawili walikaa nyuma wakimshika asianguke, mimi mbele.

Ilikuwa malaria. Karatasi ya dawa iliandikwa Kifaransa, lakini tarakimu hazina Kifaransa. Nilisoma vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku. Mwanamke mmoja alinisomea maneno yaliyobaki. Kwa siku tano nyumba haikukosa mtu. Walileta uji, walifua, walikwenda kuuza ndagala zake sokoni na kumletea fedha zimefungwa katika kitambaa. Alizihesabu. Hakuna faranga iliyopungua.

Alipopata nguvu nilimweleza wazi wazi kile nilichotumwa. Alikuwa akijua tangu siku ya kwanza.

"Ujiji nina ndugu wa damu," alisema. "Nawapenda. Lakini hawa wanajua sauti yangu nikikohoa. Na mzee wangu amelala huku, Ijumaa nani atamtembelea? Mwaka 2015 nilikuja kwenu kwa kukimbia. Sasa hakuna anayenikimbiza. Kawaambie kaka zangu hivyo hivyo, usiongeze wala usipunguze."

Mimi ningependa arudi. Hata leo nikisikia mvua kubwa Bujumbura hulala vibaya, maana mto Ntahangwa unapita kando ya mtaa ule na kingo zake zinamomonyoka. Lakini sikuona neno la kumjibu.

Nilifika Ujiji na kifurushi cha ndagala, zawadi ya ndagala kwa watu wa ziwa. Nikawaeleza wajomba kila kitu, na habari ya petroli ya chupa nikaieleza mara mbili. Mdogo wao alikasirika, akasema nimeshindwa kazi. Mkubwa hakusema kitu kwa muda. Kisha aliuliza kama kaburi la shemeji yake liko mbali na nyumba. Nikamwambia ni mwendo wa gari. Akauliza tena, hati ya kusafiria hutolewa siku gani ofisini, na je, mzee wa umri wake naye huchomwa ile sindano ya homa ya manjano?