Kibanja Nimekwisha Kugawa, Imebaki Ruta

Wajukuu zangu,

Habari za kibanja mlizisikia mbele ya ukoo, na karatasi yake iko mahali pake. Nani atapalilia migomba ya juu, nani atachuma kahawa ya upande wa bondeni, nani atakaa karibu na makaburi: hayo yamekwisha, siyarudii. Leo naandika juu ya kitu ambacho hakuna mzee aliyekiuliza siku ile, ingawa kilikuwa kinawakawaka ukutani juu ya vichwa vyetu. Ile ruta.

Msinicheke. Mnajua nilikula mshahara wa Shirika la Posta na Simu hadi lilipogawanywa miaka ya 1990. Nilianza enzi za mitambo ya mkono, wakati mtu wa Bukoba akitaka kuongea na Mwanza ilibidi opereta achomeke waya, na opereta akitaka kusikiliza, anasikiliza. Ndiyo maana walikuwa wanaapishwa kutunza siri. Basi ruta ndiye opereta wa nyumba yenu. Kila mnachotuma na kila mnachopokea kinapita mikononi mwake, na mkitaja jina la tovuti yeye ndiye anayewatafutia njia ya kufika. Ila huyu hakuapishwa, na wengi wenu hamjui anapokea amri kwa nani.

Nianzie hapo. Ruta ina nywila mbili. Ya kwanza ni ya waifai, ile mnayoiulizia mkifika likizo hata kabla ya kumwamkia bibi yenu. Ya pili ni ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, na mwenye hiyo anaweza kubadili kila kitu, pamoja na ile ya kwanza. Hii ya pili watu hawaigusi. Inabaki vilevile ilivyotoka kiwandani, kwa ruta nyingi neno "admin" kwenye nafasi ya jina na "admin" tena kwenye nafasi ya nywila, na imeandikwa katika kitabu cha maelekezo ambacho dunia nzima inaweza kukisoma.

Mwaka 2016 vijana wa Kimarekani, rika lenu, walitengeneza programu iliyoitwa Mirai. Ilizunguka intaneti usiku na mchana ikibisha kwenye kamera na ruta za watu, mkononi ina orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60 tu. Palipofunguka iliingia, na kifaa kikawa askari wake huku mwenyewe anaendelea kutazama mpira. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la namna hiyo liliivamia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikizisaidia kompyuta kupata anwani za tovuti, na mamilioni ya watu wakakosa Twitter na Netflix.

Mtasema hayo ni ya Wazungu. Someni habari za Liberia. Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, alilipwa na mtu wa kampuni ya simu ya Cellcom aishambulie mshindani wake, Lonestar. Naye akachukua Mirai, akaunda jeshi lake, na Novemba 2016 akaipiga Lonestar hadi intaneti ya nchi ikayumba. Akitaka kuliongeza jeshi hilo, mashambulizi yake yakagonga ruta za wateja wa Deutsche Telekom huko Ujerumani. Zile hazikutekwa, zilizimika, na wateja wapatao 900,000 wakabaki bila mtandao. Januari 2019 mahakama ya London ilimhukumu miezi 32. Nawasimulia haya kwa sababu wenye vifaa vilivyoipiga Liberia walikuwa watu wa kawaida kama ninyi. Hakuna aliyewaibia hata senti, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Sasa wewe wa vocha za waifai pale senta, sogea karibu. Najua biashara yako inakwenda, na najua unatumia ruta ya MikroTik kama wauza waifai wengi wa Afrika Mashariki, maana ni imara na bei yake inavumilika. Sina neno nayo. Lakini mwaka 2018 iligundulika kasoro katika Winbox, ule mlango wa kuisimamia ukiwa mbali, iliyomwezesha mtu wa nje kusoma majina na nywila za wasimamizi bila kuulizwa lolote. Kampuni ilitoa toleo lililorekebishwa mwezi Aprili mwaka huohuo, bure. Agosti, maelfu kwa maelfu ya ruta hizo, Brazil kuliko kwingine, zilikuwa zinawachimbia wezi sarafu za mtandaoni kwenye kompyuta za wateja, kwa sababu wenyewe hawakuwa wamelipakua.

Halafu likaja la 2021, na hili ndilo ninalotaka ulikariri. Jeshi jingine, Meris, lilizuka na kuishambulia hata kampuni ya Yandex ya Urusi. MikroTik walipochunguza walisema ruta hizo ni zilezile zilizoingiliwa 2018. Wapo waliosasisha programu lakini hawakubadili nywila. Mwizi alikuwa amekwisha kuzisoma, akangoja miaka mitatu, akarudi akaingia kwa mlango wa mbele. Kwa hiyo ukisasisha, badili na nywila, kisha kagua kama hakuna mtumiaji usiyemjua, wala kazi iliyopangwa kujiendesha yenyewe usiku. Na huo mlango wa Winbox ufunge kwa upande wa intaneti. Kama ni lazima uisimamie ruta ukiwa Bukoba mjini, fundi akuwekee VPN, njia ya faragha ya kuifikia. Biashara ni ya watu, wanaolipa mia tano wakiamini kwamba wamenunua intaneti peke yake.

Kuna wanaosema dawa ni kuizima na kuiwasha. Ni kweli nusu. Mei 2018, baada ya programu iitwayo VPNFilter kukutwa kwenye ruta na vifaa vingine vipatavyo 500,000 katika nchi 54, FBI wenyewe waliwaomba watu wazime ruta zao na kuziwasha tena. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana sisi wa Kagera kwa jinsi umeme ulivyokuwa ukikatika tungekuwa watu salama kuliko wote duniani. Lakini sehemu ya kwanza ya VPNFilter ilikuwa haifutiki kwa kuzimwa. Ilibaki humo ikingoja kuita wenzake. Ukiwa na shaka ya kweli, bonyeza kile kitundu cha nyuma kwa pini mpaka ruta irudi ilivyotoka kiwandani, isasishe, uiwekee nywila mpya zote mbili. Fanyeni hivyo pia kwa ruta ya mtumba kabla ya kuitumia, na kwa yenu kabla ya kumpa mtu. Na ikiwa kiwanda kimeacha kuitolea matoleo mapya, hata kama inashika vizuri, iacheni. Hapo najua mtanung'unika kuhusu pesa. Nung'unikeni.

Mambo mawili ya kuzima, nayataja upesi. Kwanza WPS, ile ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba ya tarakimu nane. Tarakimu nane zinatisha, ila mwishoni mwa 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta inaikagua namba hiyo vipande viwili, na hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Kompyuta inayamaliza kwa saa chache. Pili, usimamizi wa kutoka nje. Kama huna kazi nao, uzime. Kwenye usalama wa waifai chagueni WPA3, na kama ruta haina, WPA2.

Opereta niliowafahamu walikuwa na kosa moja baya kuliko kusikiliza, nalo ni kukuunganisha na mtu mwingine kabisa. Ruta iliyotekwa hufanya hivyo makusudi. Katika mipangilio yake kuna sehemu ya DNS, panapoandikwa ni nani wa kuulizwa anwani ya tovuti. Mwizi akibadili namba hizo, mtaandika jina la benki kwa usahihi na mtafikishwa kwenye ukurasa wa wizi unaofanana nao. Miaka ya 2011 na 2012 ruta zipatazo milioni 4.5 za Brazil zilibadilishwa namna hiyo. Zinakilini namba zenu za DNS kwenye daftari, mzilinganishe mara mojamoja. Simu ikikuonya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, usibonyeze "endelea" kwa haraka zako. Na msiogope kupita kiasi: pesa unazotuma kwa kubonyeza nyota na reli hupita kwenye laini ya simu, haziigusi waifai. Ni zile programu za benki na barua pepe zinazopita kwa huyu wa ukutani.

Wageni je? Kashozi imepokea wageni tangu mapadre waliofungua misheni hapa mwaka 1892, nami sitaki ukarimu ufe mikononi mwenu. Zamani mgeni alipewa punje za kahawa atafune; siku hizi anauliza waifai kabla hajaketi. Mpeni, ila mpeni mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi za sasa zinao, uliotengwa na kompyuta na kamera za nyumbani. Baada ya msiba au harusi, badilini nywila yake. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, mtu akitenda uovu kupitia laini yenu, wachunguzi wataanza kubisha kwenu, na kueleza kwamba alikuwa shemeji wa jirani itawachukua siku nzima kituoni.

Kazi ya kuitunza ruta nampa mdogo wenu wa mwisho, maana wakubwa mmezoea kuagiza. Ataikagua mara mbili kwa mwaka, msimu wa kahawa unapoanza na senene wanapoingia: toleo jipya, orodha ya vifaa vilivyounganishwa, namba za DNS. Asipojua jambo aulize fundi, na asimwache fundi aondoke na nywila.

Nywila yenyewe haimo katika barua hii, msiigeuzegeuze kuitafuta. Anayo bibi yenu, kwenye daftari la malipo ya kahawa. Nimemwagiza asimpe mjukuu yeyote mpaka amweleze, kwa maneno yake mwenyewe, tofauti ya zile nywila mbili. Na bibi yenu anaijua.

Babu yenu,
Kashozi