Matawi na Mabano

Matatu itokayo Thika hupita Juja kabla ya kufika Ruiru. Aghalabu abiria huvitambua vituo kwa macho. Kijana mmoja alivitambua kwa matuta ya barabara na kwa sauti za makanga, kwani hakuwa akiona. Alikuwa amesomea Thika, mji ambamo Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu mwaka wa 1946, na sasa alikuwa akisomea shahada ya Elimu na Kiswahili katika chuo kimoja kando ya barabara hiyo. Alitembea na fimbo nyeupe mkononi na mkoba wa karatasi za Breli begani.

Katika fasihi simulizi hakuwa na wa kumpiku. Utendi ulipoghanwa, alizihesabu mizani na kuvitaja vina kabla ya wenzake kushika kalamu. Masaibu yake yalikuwa katika sintaksia. Mhadhiri alichora matawi ubaoni, akaelekeza chaki na kusema, "Hapa sentensi inagawanyika, na hapa inagawanyika tena." Darasa zima lilijua "hapa" ni wapi, isipokuwa yeye.

Siku ya jaribio ilipokaribia, mhadhiri, ambaye kwa hakika alikuwa mtu mwema, alimwita kando.

"Swali la tatu ni la kuchora. Wewe liache, nitakukadiria alama."

"Ahsante, Mwalimu," kijana akajibu. "Lakini nitakapotumwa kufundisha Kidato cha Tatu, nani atanikadiria mbele ya wanafunzi wangu?"

Mhadhiri akanyamaza. Kijana akaomba aruhusiwe kuichanganua sentensi hiyo hiyo kwa mabano. Kwa mashine yake ya Perkins akapiga: sentensi, fungua mabano; kundi nomino, fungua mabano; kisha akayafunga moja baada ya jingine hadi la mwisho. Hakuna tawi lililopotea. Juma lililofuata mhadhiri aliifundisha njia hiyo darasani kote, na baadhi ya wenye macho waliokuwa wamepotelea matawini wakaiona njia kwa mara ya kwanza. Ama kweli, mgeni njoo mwenyeji apone.

Kisa hiki kinafichua tofauti ambayo idara nyingi huisahau: kumsamehe mtu kazi si kumjumuisha. Msamaha humwacha mlangoni, ingawa humpa kiti cha kukalia pale mlangoni. Usawa humdai yale yale wanayodaiwa wenzake, kisha humfungulia njia ya kuyafikia.

Waama, sheria hazikosekani. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka wa 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja ya kikabila. Ni hatua ya maana, ila idara huweza kuitimiza hesabu hiyo na bado mwanafunzi asiyeona akabaki nje ya somo. Wanakiswahili nao huinukuu kwa fahari Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, inayokitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ni nadra wao kuendelea kusoma hadi mwisho wa ibara hiyo hiyo, inapolitaka taifa liendeleze pia Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Isitoshe, Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka wa 2017, unaziruhusu taasisi zinazohusika kuvinakili vitabu vilivyochapishwa kwa Breli bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki.

Yaliyosalia ni madogo na yamo mikononi mwa idara zenyewe: orodha ya riwaya na diwani itolewe muhula mmoja kabla, ili zipate kunakiliwa, mtihani umfikie mnukuzi wa Breli mapema, na kila kiandikwacho ubaoni kisomwe kwa sauti. Lugha iliyolelewa kwa masikio karne nyingi kabla ya kupigwa chapa haiwezi kudai kuwa kazi hiyo ni ngeni kwake.

Tangu siku ile, mhadhiri hasemi tena "hapa." Husema, "Kundi tenzi, tawi la kulia," na chaki humfuata nyuma.