Mtarakwa wa Kitengela

Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Ukweli wa kauli hii ulimdhihirikia mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili aliyehamia Kitengela, akanunua miche minne ya junipa kwa muuza miche wa kando ya barabara. Aliambiwa kuwa ni mimea ya kigeni, ya kupamba malango. Akaipanda katika udongo mweusi wa mfinyanzi, akainywesha maji asubuhi na jioni kana kwamba ni sukumawiki. Masika yalipokwisha, mitatu ilikuwa imegeuka rangi ya kutu.

Jirani yake, mzee wa Kimaasai aliyefika kumjulia hali, aling'oa mmoja, akaitazama mizizi iliyooza, kisha akasema:

"Mwalimu, mbona umemzamisha ndugu yake oltarakwai?"

Neno hilo lilimgutusha. Kwa miaka mingi alikuwa amewaambia wanafunzi kuwa mtarakwa ni mti wa milimani, basi. Jina alikuwa nalo. Mti wenyewe hakuujua. Kumbe mtarakwa ni wa jamii ya junipa, na ndio pekee wa jamii hiyo unaomea kiasili kusini mwa ikweta. Umeenea kutoka milima ya Uarabuni hadi Zimbabwe, na papo hapo Kajiado humea katika vilima vya Ngong. Enzi za ukoloni mbao zake zilisafirishwa ng'ambo kutengenezewa penseli. Aidha, kwa kuwa mchwa hawazitafuni upesi, nguzo zake hupendwa sana kwa ua. Ranchi ya jamii ya Kitengela ilipogawanywa katika miaka ya 1980, ua na seng'enge zilianza kuzikata nyanda zilizokuwa malisho ya wote.

"Huku kwetu," mzee alisema akiielekeza fimbo yake kwenye nguzo za ua, "oltarakwai hupandwa ukiwa umekwisha kufa."

Mwalimu hakuwa na jibu. Msimu uliofuata alitafuta miche ya mtarakwa wenyewe. Aliinua tuta, akachanganya ule udongo mweusi na mchanga, changarawe na samadi iliyooza, ili maji yasituame. Alichagua mahali penye jua la kutosha, akaizungushia miche miiba dhidi ya mbuzi. Alimwagilia kwa nadra, tena baada ya kuchovya kidole na kuhakikisha kuwa udongo umekauka. Ile junipa moja iliyosalia aliipogoa ncha za kijani tu, kwani tawi likikatwa hadi kwenye mti mkavu usio na majani, aghalabu halichipui tena.

Mtarakwa hukua polepole. Mwalimu anajua fika kuwa kivuli chake kitawafaa wengine. Hata hivyo, wanafunzi wake wa zamani wamtembeleapo, huwapeleka bustanini kwanza, kabla ya chai, akawaambia wauguse na kuunusa, ndipo awatajie jina lake.