Kutoka Kiboko Hadi Kibwezi

Wengi wapitao katika barabara kuu ya Mombasa huijua Kiboko kuwa ni mahali pa kunywa chai na kunyoosha miguu tu. Lakini msafiri aliye na siku moja ya nafasi ataona katika sehemu hizo mambo makubwa ya historia ya Ukambani.

Yafaa aanzie palepale Kiboko, penye chemchemi na migunga mirefu ya magome ya manjano. Hapo ndipo mwindaji J. A. Hunter, mzaliwa wa Scotland, alipojenga nyumba ya wageni katika uzee wake. Kati ya miaka 1944 na 1946 aliua vifaru zaidi ya 900 katika Makueni kwa agizo la Serikali, ili watu wapate kuhamia na kulima. Siku hizi msafiri aweza kukaa kivulini hapo tangu asubuhi hata jua kuchwa, asione kifaru hata mmoja.

Akiendelea na barabara kuelekea pwani atafika Makindu. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899. Wahindi zaidi ya 31,000 waliletwa kuijenga, na karibu 2,500 walikufa. Masingasinga wa reli waliacha hapa hekalu lao, ambalo jengo lake kuu lilisimamishwa mwaka 1926. Aingiaye huvua viatu na kufunika kichwa, kisha hupewa chakula bila malipo, awe wa dini yoyote.

Mwisho wa safari ni Kibwezi. Hapo wamisionari wa Scotland walianza kazi mwaka 1891, kando ya njia ya misafara. Homa iliwasumbua mno, hata mwaka 1898 misheni ikahamishwa kwenda Kikuyu, ambako Kanisa la Presbyterian lilikua na kuenea.

Katika mahali pote patatu, majina ya wageni yamehifadhiwa vitabuni. Lakini Wakamba waliochukua mizigo, waliofyeka njia na kuonyesha maji yalipo, ni wachache mno walioandikwa. Habari zao zimo vinywani mwa wazee waliosimuliwa na babu zao. Kwa hiyo mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake huko hana budi kuwaambia wachukue daftari, na wakisha kutazama majengo, waende wakaketi na wazee wawaulize, kabla wazee hao hawajaondoka nazo.