Chupa Ilipokuwa na Mwenyewe

Zamani pale kwetu Magomeni, Dar es Salaam, ukitumwa soda hukwenda mikono mitupu. Mangi, mwenye duka, alikuuliza kwanza: "Chupa iko wapi?" Kama huna, uliinywa palepale dukani, au uliacha pesa ya chupa mpaka uirudishe. Chupa zenyewe zilikuwa za kioo, zimechubuka ubavuni zikabaki na mduara mweupe kwa kugongana miaka na miaka kwenye kreti. Gari la soda lilishusha kreti zilizojaa na kupakia tupu. Kiwandani zikaoshwa, zikajazwa tena. Mtaroni tulitupa kila kitu, lakini chupa ya soda sikumbuki kuiona humo. Si kwamba watu walikuwa wasafi kuliko leo. Chupa ilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa akiidai.

Zikaja za plastiki, kwanza za maji, kisha za soda. Tulizifurahia: unanunua, unaondoka, hudaiwi kitu. Kampuni zikapumzika kuosha na kubeba tupu, ila gharama haikufutika, ilihamia kwetu. Masika yakianza, Mto Msimbazi unashusha makopo ya plastiki mpaka Jangwani, na mitaro inazibuliwa kwa kodi zetu. Kazi ya lile gari sasa inafanywa na waokota makopo, wanaoamka alfajiri na kiroba mgongoni. Niliwahi kusimama kando ya mizani wanapouzia wakati mama mmoja anapima: kiroba kilichomzidi kimo, na kilo zake za kuhesabu kwa vidole. Plastiki haina uzito, na yeye analipwa kwa uzito.

Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na nilishangilia. Rambo, kama tulivyoiita mifuko hiyo, zilitoweka. Mama wa genge aliambiwa abadilike, akabadilika. Chupa hazikuguswa.

Mwaka 2024 watafiti walichapisha hesabu ya taka za plastiki zilizookotwa katika nchi 84. Takriban nusu hazikuwa na jina la kampuni. Kati ya zilizokuwa nalo, zaidi ya nusu zilitoka kwa kampuni 56 tu, na Coca-Cola peke yake ilikuwa na asilimia 11. Kampuni hiyo iliahidi mwaka 2022 kwamba ifikapo 2030 robo ya vinywaji vyake vitauzwa katika vyombo vya kutumika tena. Mwishoni mwa 2024 ikaiacha ahadi hiyo. Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu jambo lenyewe linawezekana: bia mpaka leo tunauziwa kwenye chupa za kurudishwa, na baa hazijafungwa.

Kenya ilitunga sheria mwaka 2022 inayombebesha mzalishaji wajibu wa taka za bidhaa zake. Nataka tuwe nayo na sisi, tena yenye meno: pesa ya chupa irudi hata kwenye plastiki, na yule mama wa mizani alipwe na wenye chupa, kwa bei inayolingana na kazi yake.